Nataka kubadilisha vyuma vya gitaa la umeme mwenyewe, nianze na kipi?

Rhythm_wa_Mbagala

Wakuu heshima zenu. Nina gitaa la umeme shepu ya Strato (ile Stratocaster ya Fender), la kichina, jina la kichwani lilishafutika zamani, nililinunua mkononi kwa jamaa aliyekuwa anahama mji. Nalipigia kanisani kila Jumapili na mara moja moja harusini. Sauti siyo mbaya kihivyo ila halikai kwenye tyuni. Naliweka sawa kabla ya ibada, wimbo wa kwanza linakwenda vizuri, wa pili uzi wa tatu umeshashuka, wa tatu mwalimu wa kwaya ananitazama kwa lile jicho lake. Halafu jeki (tundu la kuchomekea waya) inacheza, ukitikisa waya sauti inakata na kurudi kama redio yenye betri zilizochoka, na volyumu ukiizungusha inakwaruza mpaka watu wa mbele wanageuka.

Sasa shemeji yangu yuko Dubai anarudi likizo wiki tano zijazo na amesema nimtumie orodha. Nimeshaandika funguo zote sita za loki (zile zinazoubana uzi zenyewe), briji nzima inayoshika nyuzi kwenye bodi na tremolo yake (ule mkono wa kuyumbisha sauti), pikapu tatu (sumaku za kunasa sauti ya nyuzi), nati ya shingoni (kile kipande nyuzi zinakopita kabla ya kufika kwenye funguo), jeki, volyumu. Nilienda Kariakoo kuulizia pikapu nijue bei, kijana wa duka la kwanza akanielekeza kwa watu wa magari 😂

Swali langu, mimi siyo fundi, nina bisibisi, koleo na ubishi. Haya mambo naweza kuyafanya nyumbani mwenyewe? Na kama ni kwa awamu nianze na kipi? Kuuza sitaki, shingo ya hili gitaa mkono wangu umeshaizoea.

fundi_nyuzi

Mkuu hiyo orodha ukiinunua yote utakuwa umenunua gitaa jingine, na tatizo lako utabaki nalo vilevile. Usimtumie shemeji chochote kwanza.

Fanya hivi leo usiku. Weka uzi wa tatu sawa kwa tyuna (kile kipimo cha sauti), halafu uvute kama unapiga solo, vuta kwa nguvu mara tatu nne, achia. Umeshuka? Haya, ufunguo usiuguse. Bonyeza uzi huohuo kwa kidole kule nyuma ya nati, kati ya nati na ufunguo, achia, kisha angalia tyuna tena. Kama sauti imepanda ikarudi pale pake basi funguo zako hazina kosa lolote, uzi ndio unakwama kwenye nati. Ulipouvuta, kipande kidogo kilitoka upande wa funguo kikaingia upande wa kupigia, ulipoachia mfereji wa nati ukaking'ang'ania hakirudi, ndiyo maana umelegea. Wanaotumia tremolo wanapata kinyume, wanazamisha mkono na sauti ikirudi inakuwa juu kuliko ilivyokuwa, lakini ugonjwa ni uleule mmoja. Dalili nyingine ni pale unapokaza ufunguo halafu unasikia "tink" na sauti inaruka badala ya kupanda taratibu.

Dawa ya muda ni penseli. Siyo utani. Legeza uzi, utoe kwenye mfereji, chonga penseli laini usugue ndani mpaka mfereji uwe mweusi, rudisha uzi.

Jingine, hesabu uzi umezungushwa mara ngapi kwenye nguzo ya ufunguo. Magitaa ya makanisani nimeyaona sana, uzi umezungushwa mara nane tisa umepandana kama kamba ya ndoo kisimani, hapo kila ukiuvuta zile duara zinajikaza na wewe unalaumu mchina wa watu. Mizunguko miwili au mitatu inatosha, ikishuka chini kwa mpangilio bila kupandana. Na nyuzi zikiwa mpya zivute kwa mkono juu ya freti (vile vyuma vilivyokatisha shingo), weka sawa, vuta tena, mpaka ziache kushuka. Mwisho chukua spana namba 10 uguse zile nati za upande wa mbele wa kichwa zinazoshika funguo, mara nyingi zimelegea na mtu hajui. Kaza kidogo tu usipasue rangi. (Kwenye gitaa kuna nati ya spana na nati ya kukalia nyuzi, msije mkachanganya kwenye huu uzi, na nimesema uzi tena basi tutaelewana tu.)

Ukimaliza hayo njoo utuambie, ndiyo tuongelee kununua.

Binti_Solo_Msa

Fundi amesema sawa lakini mie sitamkataza mtu kubadilisha funguo, zangu za loki nimezifunga mwaka wa tatu huu na sijutii. Uzi ukikatika katikati ya shoo nabadilisha kabla kinanda hakijamaliza zamu yake, unapitisha, unakaza gurudumu la nyuma, unakata, basi. Ila niwe mkweli, tyuni haikupona kwa sababu ya funguo, ilipona nilipobadilisha nati. Funguo zilinipa wepesi tu.

Kaka sikiza, kwa vile vitu vinatoka Dubai na huwezi kurudisha, kabla ya kuagiza PIMA. Mimi niliagiza bila kupima nikala hasara. Tundu za kichwa changu zilikuwa zile za kizamani kama milimita 8 na nusu, zenye vikombe vya kugongea, na funguo nilizoletewa zilitaka tundu la milimita 10. Nikampelekea seremala mmoja, akachukua keke ya umeme na biti ya 10 akatoboa kwa pigo moja toka nyuma, rangi ya mbele ikachanika kama ganda la yai. Yule hana kosa, alizoea vitanda. Tundu la namna ile linapanuliwa kwa rima, la mkono, polepole, nusu toka mbele nusu toka nyuma.

Kama huna kipimo cha vernia chukua biti ya milimita 10 uishike mkononi uone inaingia kwenye tundu la ufunguo uliotolewa. Ikipenya vizuri bila kucheza ni 10. Angalia na nyuma ya ufunguo, kuna zenye skru moja ya pembeni na kuna zenye vipini viwili vya kuingia kwenye mbao, havibadilishani bila kutoboa upya. Na mwambie shemeji sita za upande MMOJA. Za Strato zote ziko juu, za shepu ya Les Paul ni tatu huku tatu kule, muuzaji akisikia "funguo za gitaa" anakupa zozote alizonazo.

Matundu ya skru za zamani yakibaki wazi ama yamelegea, tia vijiti vya meno na gundi ya mbao, acha usiku mzima, kata sawasawa, toboa upya. Skru mpya utoboe kitundu kwanza kwa biti nyembamba, upake mshumaa ama sabuni ya kipande. Skru za hizi funguo ni laini, ukilazimisha kichwa kinakatika na mwili unabaki ndani ya mbao, na hiyo siku utalia.

Briji ndiyo mtego mkubwa. Pima skru sita za mbele, toka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya sita. Za Fender za mtindo wa zamani ni milimita 56, magitaa mengi ya Asia ni 52 na nusu hivi. Hizo milimita tatu na nusu ukizipuuza tundu hazikutani ng'o. Upime na unene wa bodi. Strato ya kawaida ni karibu milimita 45, haya ya bei nafuu mengi ni 40 tu, ukinunua tremolo yenye bloku ndefu (kile kipande cha chuma kinachoingia ndani ya bodi) litachomoza mgongoni likukwaruze tumbo. Hata mkono wa tremolo, wa Kimarekani una meno ya inchi na wa Asia ya milimita, haviingiliani.

Rhythm_wa_Mbagala

Nimerudi wakuu. Aisee fundi_nyuzi wewe ni mganga. Nimebonyeza nyuma ya nati, sauti imepanda papo hapo. Na "tink" ipo, nilikuwa naisikia miaka yote nikidhani ndiyo gitaa linavyokaa sawa. Mizunguko uzi wa kwanza nimehesabu kumi na moja, msinicheke.

Vipimo: biti ya 10 imeingia kwenye tundu la ufunguo bila shida. Skru za briji ni 52 na kitu kwa rula. Bodi 40. Kwa hiyo ile tremolo niliyoipenda ya milimita 56 ingeniozea ndani. Nati nimeichungulia kwa pembeni ni plastiki na chini ni uwazi mtupu kama sanduku la kiberiti.

Penseli imesaidia kweli, Jumapili iliyopita nimefika wimbo wa nne. Sasa nati niagize au nitengenezewe?

Mzee_wa_Dansi

Vijana hamjambo. Nati usiagize, nenda kwa muuza supu.

Nasema kwa kumaanisha. Hizo nati nzuri wanazouza ni mfupa wa ng'ombe, na ng'ombe hatuna upungufu. Omba mfupa wa mguu, ule mnene wenye ukuta mgumu, siyo mbavu. Sisi enzi zetu bendini vyuma vyote vilikuwa vya kampuni, yaani magitaa mali ya bendi, kikivunjika kitu hakuna cha kumtuma shemeji Dubai, unachonga. Mimi nati zangu zote tangu wakati huo nachonga mwenyewe na za rafiki zangu pia.

Mfupa uchemshe na sabuni ya unga kidogo utoke nyama na mafuta, lakini usiupike siku nzima kama makongoro, ukizidi unakuwa mkavu wa kukatika. Toa uboho wote wa ndani, anika kivulini siku kadhaa, halafu uloweke kwenye spiriti uvute mafuta yaliyobaki, maana mfupa wenye mafuta unageuka njano na gundi haishiki. Ukate kwa msumeno wa chuma kipande chenye urefu zaidi kidogo ya unachohitaji. Nati ya Strato ni nyembamba, milimita 3 na kitu, urefu kama 42, lakini usinisikilize mimi, pima hiyo ya kwako ukishaitoa. Ya shepu ya Les Paul ni nene karibu mara mbili, haiingii kwenye mfereji wa shingo yako.

Kuitoa ya zamani pitisha wembe pembeni kote ukate rangi iliyoishika, weka kijibao, gonga taratibu huku na huku mpaka ijiachie. Ukivuta kwa koleo inakuja na mbao.

Sawazisha mfupa kwa kusugua juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, huo ndio upande unaokalia mbao, ukae wote bila kucheza. Vaa barakoa, vumbi la mfupa siyo la kuvuta, na fanyia nje. Mama watoto wangu aliniambia nyumba inanuka kama kwa daktari wa meno, tangu hapo nafanyia chini ya mwembe na mbwa wa jirani wote wananiheshimu.

Mifereji: lalisha nati ya zamani juu ya mfupa uweke alama sita. Tupa za kazi hii zinauzwa ghali lakini nenda kwa fundi wa kuchomelea gesi muulize vile visindano vya kusafishia mdomo wa bomba lake, vipo vya unene tofauti vina meno membamba, vinakata mfupa vizuri. Kwa nyuzi nene tumia kipande cha uzi wa zamani ulionenepa kidogo kuliko uzi wenyewe, unasugua kama msumeno. Mfereji uteremke kuelekea kwenye funguo, ili uzi uachane na nati kwenye ukingo wa mbele kabisa, ule unaotazama freti. Ukiteremkia mbele sauti ya uzi mtupu itakuwa inazizima kama nzi kwenye chupa. Na uwe mpana tu wa kutosha, uzi uteleze usibanwe.

Kina: bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, angalia juu ya freti ya kwanza. Lazima kuwe na uwazi kidogo, wa unywele. Ukiwa mkubwa bado ni juu, kata. Ukigusa, umezidisha. Kata kidogo, rudisha uzi, angalia, kata tena, jioni nzima iende na nati moja ndiyo kawaida. Ukikosea usitupe, jaza mfereji vumbi la mfupa uleule, dondoshea supagluu, ukate upya.

Hapo mwisho uishike shingoni kwa tone mbili tu za gundi nyepesi. Kuna siku mtu mwingine atataka kuitoa.

Ndugu zetu wa upande wa Kongo wanaofunga uzi mwembamba mahali pa uzi wa nne ili upige oktavu ya juu, nyie mchonge nati ya peke yake. Uzi mwembamba kwenye mfereji wa uzi mnene unahamahama na kulia vibaya.

fundi_nyuzi

Mzee shikamoo. Hilo la supu nimelinakili.

Mzee_wa_Dansi

Marahaba. Na mfupa usiwe wa mbuzi.

Waya_Mwekundu

Mimi ni fundi redio, gitaa sipigi, lakini yananifikia sana hapa kibandani kwa hiyo niongelee umeme maana naona mmejaa upande wa mbao.

Jeki kwanza. Inayumba kwa sababu nati yake (ya spana, haya) imelegea, na watu wanaikaza kwa nje bila kushika ndani, jeki nzima inazunguka, waya ndani unasokoteka mpaka unakatika. Fungua ile sahani, shika jeki kwa vidole, ndipo ukaze. Kama ule ulimi unaobana ncha ya waya umelegea unaweza kuukunja kidogo ukabana, lakini jeki ni kitu cha bei ndogo sana, badilisha. Ni nyaya mbili tu, moja ya sauti moja ya ethi (ya ardhi). Piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu. Kila mteja wangu anayekuja na mfuko wa vipande alisema "nitakumbuka".

Volyumu inayokwaruza mara nyingi ni uchafu. Dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti, siyo ile ya kulainisha minyororo, puliza kwenye kitundu karibu na miguu yake, zungusha mara ishirini thelathini. Ikigoma ndiyo ununue. Na hapa msikilize: usichukue volyumu ya redio au ya ampilifaya kwa sababu imefanana. Gitaa lenye pikapu nyembamba za koili moja linatumia kilo-omu 250, lenye pikapu pana za koili mbili kwa kawaida 500. Za redio zilizojaa madukani ni 50 na 10, ukifunga hiyo gitaa litapiga kama limefunikwa blanketi, zile sauti kali zote zinamwagika kwenye ethi. Halafu angalia herufi mgongoni, A250K au B250K. A inapanda jinsi sikio linavyosikia, B inapanda sawasawa kwa namba na kwa gitaa wengi wanaona sauti yote inaishia kwenye sehemu moja ya mzunguko. Za gitaa za kichina mara nyingi ni ndogo, kama milimita 16 kwa upana, tundu lake ni la milimita 7 na kidogo. Ukiletewa kubwa za Kimarekani zinataka tundu la 9 na nusu, na sahani ya plastiki utaipanua, na huenda zisitoshe kwenye shimo la mbao. Kwa hiyo na hapa yule dada wa Mombasa kasema kweli, pima. Hata vitasa vya juu, shina lenye meno na shina la duara havivai kitasa kimoja.

Kulehemu mwenyewe unaweza. Chuma cha wati 40, risasi ile yenye dawa ya utomvu ndani, usitumie asidi ya mafundi bati maana inakula waya baadaye. Pasha kile unachokiunga, risasi iyeyuke kwa joto la hicho kitu, siyo ubandike tonge kama ugali. Mgongo wa volyumu ni chuma kingi, ukwaruze kwa msasa kwanza, ushike haraka utoke, ukikaa sana unaichoma ndani. Funika bodi kwa kitambaa, tone moja la risasi linatosha kuharibu rangi ya miaka kumi.

Pikapu usinunue sasa. Zishushe au zipandishe kwa zile skru za pembeni uone, upande wa nyuzi nene ushuke kidogo kuliko wembamba. Zikiwa karibu mno na nyuzi sumaku inavuta na sauti ya huko juu inayumba, watu wanadhani ni tyuni.

Na hili siyo la gitaa lakini nitalisema. Ukigusa nyuzi huku midomo ikigusa maiki ukapigwa shoti, acha kupiga siku hiyo. Ukumbi hauna ethi au mtu amefunga plagi ya miguu miwili kwenye ampilifaya ya miguu mitatu. Umeme wetu ni volti 230, siyo wa kuzoea. Mlio wa "mmmm" unaopungua ukigusa nyuzi ni jambo jingine, huo ni wa kawaida kwa pikapu za koili moja, unapungua ukifunika shimo la ndani kwa utepe wa shaba uliounganishwa na ethi. Unaoongezeka ukigusa ndio uufungulie gitaa uangalie waya unaoenda kwenye briji.

Yakhe_Forodhani

Asalam aleikum. Mie Unguja, nyinyi wa bara hamuijui chumvi. Kabla hujanunua briji mpya hebu zitazame zile skru ndogo za sedo (vile vipande vya briji ambavyo kila uzi unakalia), zile za kupandisha na kushusha uzi. Zangu ziliota kutu zikagoma, nikalazimisha, spana yenyewe ikamaliza pembe sita ikawa duara. Ningetia tone la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano usiku, nikangoja mpaka asubuhi, zingezunguka. Sasa kila mwezi nafanya hivyo, tone moja kila skru, nafuta ziada, na nyuzi nazipangusa kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza. Siku nikibadilisha ntachukua sedo za chuma kisichoshika kutu. Mpime upana wake, kuna za milimita 10 na nusu na kuna pana zaidi, na sita zikizidi kidogo kidogo hazikai kwenye sahani.

Binti_Solo_Msa

Yakhe umenikumbusha, hapa kwetu pia Nyali upepo ule unakula nyuzi wiki mbili. Nyuzi zenye utando zinakaa zaidi lakini bei yake ni ya kununua seti tatu za kawaida.

Rhythm_wa_Mbagala

Wakuu narudisha ripoti, samahani kwa kukaa kimya, Pasaka ilinibana.

Orodha ya shemeji iliishia jeki moja, volyumu tatu A250K ndogo, seti nne za nyuzi na utepe wa shaba. Funguo nimezifuta, pikapu nimezifuta, briji nimeifuta. Alinipigia toka dukani akasema kuna nati nzuri ya mfupa bei poa, nikamwambia mtu wa duka aipime unene, ikawa milimita 6. Ya Les Paul hiyo. Nikamshukuru Mzee hukuhuku kwenye simu shemeji haelewi Mzee gani.

Mfupa nilipewa bure, muuza supu akadhani nafuga mbwa. Nati ya kwanza nilikata mfereji wa uzi wa sita ukazama mpaka uzi ukalala juu ya freti ya kwanza, nikajaza vumbi na supagluu, vidole viwili vikashikana na nati, nikakaa hivyo kama dakika kumi nikitafakari maisha. Nikarudia. Siyo nzuri kwa macho, upande mmoja uko juu kidogo na nimeacha alama ya msumeno, lakini mkuu uzi unateleza, "tink" hakuna. Jumapili mbili sasa nimepiga ibada nzima bila kugusa ufunguo na mwalimu wa kwaya anamtazama mpiga kinanda.

Jeki nimelehemu mwenyewe, ya kwanza ilikuwa tonge la ugali kama alivyosema Waya_Mwekundu, nikaifumua nikarudia. Volyumu nilipuliza dawa zikapona, kwa hiyo hizo tatu mpya ziko kabatini, anayehitaji aseme.

Imebaki moja. Uzi wa pili ukiwa mtupu uko sawa, nikipanda freti ya 12 kwenda juu unakuwa juu kidogo, na kwenye solo za dansi ndiko tunakoishi. Nimezungusha skru ya sedo nikasogeza mbele, umezidi kuwa mbaya.

fundi_nyuzi

Umeenda kinyume mkuu. Freti ya 12 ikiwa juu uzi ni mfupi, sedo irudi NYUMA, mbali na shingo. Ikiwa chini ndiyo inakuja mbele. Kila ukizungusha weka tyuni upya ndipo upime, na upimie nyuzi mpya siyo za Krismasi.

Rhythm_wa_Mbagala

Nimerudisha nyuma mpaka skru imefika mwisho, springi ndogo imebanwa kabisa, na bado iko juu kwa unywele.

fundi_nyuzi

Toa sedo, ile springi ikate katikati au uiondoe kabisa, utapata milimita moja mbili zaidi.

Rhythm_wa_Mbagala

Imekubali, freti ya 12 na ya 15 zote kijani kwenye tyuna. Springi yenyewe iliruka nilipoilegeza, watoto wako chini ya kochi na tochi wanaitafuta.